Mistari, Drafti, Herufi

Louis Vuitton alifariki mwaka 1892 bila kuona hata sanduku moja lililofunikwa kwa herufi zake mbili zilizopandana. Herufi hizo, ambazo leo zinajulikana hata na mtu asiyejua Paris iko wapi, zilibuniwa na mwanawe, Georges, mwaka 1896. Na zilikuwa sura ya tano ya turubai la karakana ya masanduku ya familia hiyo.

Mimi ni fundi wa mikoba. Wateja huniuliza inakuwaje nyumba moja ya mitindo iwe na mkoba wenye herufi, mwingine wenye drafti, na mwingine usio na kitu nje, wakati wafanyabiashara wengine hung'ang'ania nembo moja maisha yao yote. Ukifuatilia historia ya Vuitton utaona kwamba hakuna aliyekaa mezani akazipanga nembo hizo. Kila moja ilitokana na ugomvi wake.

Vuitton aliingia Paris mwaka 1837, kijana wa miaka 16, akajifunza kutengeneza makasha na kufungasha nguo za matajiri. Mwaka 1854 akafungua duka lake. Masanduku ya safari wakati huo yalikuwa na mfuniko wa mviringo ili maji ya mvua yateremke. Yeye akatengeneza sanduku la mfuniko bapa, linalopangika juu ya jingine katika behewa la treni na ndani ya meli, akalivika turubai la kijivu lisilopitisha maji. Halikuwa na alama nje, wala halikuihitaji. Umbo lake lilitosha kumtaja aliyelitengeneza, mpaka wenzake walipoliiga.

Mwaka 1872 akaweka mistari myekundu. Mwaka 1876 akabadilisha, ikawa ya kahawia. Nayo ikaigwa. Mwaka 1888, akiwa na Georges, akaleta drafti ya kahawia na rangi ya maziwa, na katika baadhi ya vyumba vya drafti hiyo yakaandikwa maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba hii ni alama ya L. Vuitton iliyosajiliwa. Mimi hushangazwa sana na hatua hiyo. Kitambaa kilichoanza kama kinga ya mvua sasa kinataja jina la mwenyewe.

Lakini drafti ni miraba tu, na mwenye rula na penseli anaichora. Udhaifu huo haukuisha na zama za masanduku. Mwaka 2015, miaka 127 baada ya drafti kuzaliwa, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilikubali usajili wa mchoro huo kama alama ya biashara ufutwe. Hoja ilikuwa kwamba drafti ni pambo la kawaida mno kumtambulisha mtengenezaji mmoja.

Georges alikuwa ameliona tatizo hilo mapema. Alichukua herufi za jina la baba yake, akazizungushia maua na nyota zenye ncha nne. Mtu anaweza kudai kwamba mistari au miraba ni yake pia, lakini hawezi kudai kwamba jina la ukoo wa mwenzake ni pambo la kawaida.

Uchukue mkoba wa Vuitton wenye herufi hizo, unaoitwa Speedy, ulioanza miaka ya 1930, uuweke mezani. Ngozi ni ile ya mikono na kingo, inayoiva rangi kwa jua na jasho la kiganja. Mwili wake ni turubai la pamba lililopakwa plastiki, teknolojia waliyoanza kuitumia mwaka 1959. Sasa ugeuze: upande mmoja herufi zimesimama, upande wa pili zimepinduka kichwa chini. Wapo walioniletea wakiamini wametapeliwa kwa sababu ya herufi hizo. Huwa nawaonyesha kitako. Pale chini hakuna mshono, maana kipande kimoja cha turubai kimeshuka mbele, kikapita chini, kikapanda nyuma. Kukata pale katikati ili herufi zisimame pande zote mbili kungeweka mshono mahali panapobeba uzito. Aliyekata hivyo alijali uimara kuliko picha, nami namheshimu kwa hilo.

Alama za zamani hazikutupwa. Drafti ilirudishwa dukani mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1985, waliingiza ngozi yenye mikunjo inayoitwa Epi, na juu yake herufi ni ndogo za kutafuta kwa macho. Hapa ugomvi si wa waigaji tena, ni wa wateja. Mwaka 2010 watafiti Young Jee Han, Joseph Nunes na Xavier Drèze walichunguza mikoba ya Gucci na Louis Vuitton, wakakuta kwamba kwa kawaida kadiri nembo inavyoonekana zaidi, ndivyo bei inavyoshuka. Kuna mnunuzi anayetaka asomwe na mtaa mzima, na kuna anayetaka atambuliwe na wachache wa daraja lake tu. Nembo moja haiwezi kuwahudumia wote wawili.

Burberry, watengeneza makoti wa Uingereza, walijifunza hilo kwa uchungu. Walikuwa na nembo ya mpanda farasi mwenye mkuki tangu mwaka 1901, na mirabaraba iliyoanza miaka ya 1920 kama bitana ya makoti. Bitana ikatolewa nje, ikatapakaa, ikaigwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 magazeti ya Uingereza yakaihusisha na wahuni wa viwanja vya mpira. Mwaka 2004 wakaacha kutengeneza kofia za mirabaraba. Mwaka 2018 wakaja na herufi za mwanzilishi, Thomas Burberry, na mwaka 2023 wakamrudisha mpanda farasi. Kama wangekuwa na mirabaraba peke yake, sijui wangejificha wapi.

Kwetu Pwani, wauza kanga walichukua njia nyingine. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak hubadilisha michoro na misemo mara kwa mara, kwa kuwa mwanamke hataki kuvaa kanga ya mwaka juzi. Ukingoni, hata hivyo, yanabaki maneno yaleyale: K.H.E., Mali ya Abdulla. Mchoro ni wa mvaaji, alama ni ya mwenye duka. Ndiyo maana moja inawatosha. Vuitton hakuweza kufanya hivyo kwa sababu mchoro wenyewe ndio uliokuwa ukiibwa.

Mafundi wenzangu, tunaoshona mikoba mizuri na kuitoa bila jina, tusingoje mpaka tuikute sokoni imeshonwa na mwingine. Chagueni alama, hata ndogo, mkaisajili. Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na wakala wa serikali, BRELA. Zanzibar ni BPRA, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili.