Mfongo na Kiendeshi: Suala la Mamlaka katika Historia ya Mali ya Pamoja

Insha hii inalinganisha historia ya kiendeshi huria cha kadi za picha, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuiamuru kadi ichore kwenye skrini, na historia ya mifongo ya Kilimanjaro.

Mifongo ya Wachaga, iliyotangulia utawala wa Wajerumani, ilichimbwa na kukarabatiwa kwa kazi ya pamoja. Aliyekwepa zamu ya kusafisha aliadhibiwa. Haki ya maji ilikuwa thabiti kwa sababu watumiaji wenyewe walisimamia banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni.

Wajitolea wa mradi wa Nouveau walichunguza amri ambazo kiendeshi kilichofungwa cha NVIDIA kilizituma kwenye kadi, kisha wakaandika chao. Mwaka 2010 kiliingizwa katika kiini cha Linux. Hata hivyo, kuanzia kadi za GeForce GTX 900 za mwaka 2014, programu ya ndani ya kadi ilihitaji saini ya kampuni, na bila saini hiyo Nouveau haikuweza kupandisha kasi ya kadi. Mwaka 2022 NVIDIA ilifungua sehemu ya kiendeshi chake, lakini programu hiyo ya ndani ilibaki imefungwa.

Kwa hiyo, uwazi wa msimbo pekee hautoshi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliipa programu huria lugha ya Kiswahili. Swali linalosalia ni nani anayeshika banio.