Jicho la Willie O'Ree

Wengi wanajua ile ya 18 Januari 1958: kijana wa miaka 22 kutoka Fredericton, Kanada, anavaa jezi ya Boston Bruins na kuwa mchezaji mweusi wa kwanza NHL. Sawa. Mimi kinachonimaliza ni jicho. Kama miaka miwili kabla, kisahani cha mchezo kilimgonga usoni, jicho la kulia likazima karibu lote. Daktari akamwambia hoki ya barafu imeisha. Jamaa akanyamaza, akarudi uwanjani. Na alikuwa winga wa kushoto, yaani mchezo mwingi ulikuwa upande asioona! Ligi ingejua, kwisha yeye. Kwa hivyo ukisoma 1960-61, mechi 43, mabao 4, usicheke.