Kodi ya Kibanda na Baba Asiyekuwepo

Husemwa sana kwamba kwa mila zetu mtoto ni wa mama na bibi, na kwamba baba ni mtu wa kutoa amri na ada ya shule, basi. Mila hiyo ina umri. Katika sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa Tanganyika msingi wake uliwekwa mwaka 1897, Wajerumani walipotangaza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka huko vijijini.

Miaka minne kabla ya hapo, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Katika muda usiofika miaka 20 mashamba yalikuwa yametapakaa Tanga na Usambara, na walowezi walikuwa wakililia wafanyakazi. Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata majani yenye miiba kwa ajili ya mtu mwingine. Mwaka 1907 serikali ya Kijerumani ikaleta kipande huko Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo: kila mwanaume amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Kodi na kipande vilikuwa na lengo moja, kumtoa mwanaume kwake. Waingereza walipoichukua nchi hawakuwa na haja ya kubuni lolote. Sheria yao ya mwaka 1922 ya kodi ya kibanda na ya kichwa ilimnasa hata kijana asiye na kibanda, na mwenye wake wengi akalipia kila kibanda cha mke.

Pesa hiyo ingepatikana wapi? Jibu lilitegemea udongo. Kilimanjaro kulikuwa na kahawa, na kuanzia mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU cha kuiuza. Mchagga alilipa kodi akiwa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, jioni akala na wanawe, na kilichobaki kikajenga shule. Huko nako kulikuwa na mgogoro wa aina yake: kihamba kilirithiwa na kifungua mimba na kitinda mimba, na wana wa katikati wakalazimika kutafuta maisha kwingine ardhi ilipobana. Lakini baba alikuwepo.

Ungoni, huko kusini, hali ilikuwa kinyume. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtafiti wa serikali, alichapisha mwaka 1955 utafiti wake kuhusu Wangoni na Wandendeuli waliokuwa wakienda kazi za mbali. Mahali penye zao la kuuza, wanaume walibaki kwa wingi zaidi; pasipo na zao, waliondoka. Nao walikuwa majirani! Tofauti ya waliobaki na walioondoka haikuwa ya damu wala ya ngoma za unyago. Ilikuwa ya tumbaku na umbali wa soko.

Waliokwenda Tanga waliitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, iliyokuwa na mawakala Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko, na Waha, Wabena na Wangoni wakasafirishwa kwa malori na treni. Wapo waliofuatana na wake zao, lakini mshahara haukupangwa kwa hesabu ya watu wawili, sembuse watano. Ulipangwa kwa kuamini kwamba mke na watoto wanajilisha huko nyumbani kwa jembe. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mwanamke wa Ungoni aliyelima peke yake, akaezeka peke yake na kuuguza watoto peke yake, alikuwa anafidia mshahara ambao mwenye shamba la Tanga hakuulipa. Hakuna daftari la kampuni lililoandika jina lake.

Malezi yakabadilika kufuatana na hali hiyo. Kazi ambazo mvulana alijifunza kwa kumfuata baba yake, sasa alifundishwa na babu, au hakufundishwa. Binti alitolewa shambani na kupewa mdogo wake wa kubeba. Kijana alipofika umri wa kuoa hakusubiri tena ng'ombe wa baba. Alikwenda mkonge akatafuta mahari yake mwenyewe, na alirudi akiwa na sauti ambayo wazee hawakuizoea. Kwa Wayao, Wamwera na Wamakonde, ambako ukoo hufuata upande wa mama, nadhani pengo lilikuwa na mtu wa kulishika: mjomba alikuwa na mamlaka juu ya watoto wa dada yake tangu zamani. Utamaduni, basi, una nguvu yake, ila nguvu hiyo ilionekana zaidi katika kuziba tundu kuliko katika kulitoboa.

Kambini nako watu walijitengenezea ndugu. Utani wa makabila, ambao nyumbani ulikuwa wa mizaha na mambo ya misiba, Tanga uligeuka bima: mtani ndiye aliyekuosha, akakuchimbia kaburi na kupeleka habari kwenu. Watoto waliozaliwa kwenye kambi za mkonge walikua wakiongea Kiswahili, huku lugha ya baba wakiisikia siku za ngoma tu.

Wanawake hawakunyamaza. Mwaka 1945 wanaume wa Upare walipiga kambi Same kupinga kodi mpya ya mbiru, iliyopimwa kwa mali ya mtu, wakakaa huko kwa muda mrefu. Wanawake wa Usangi wakajitokeza na dai ambalo wanahistoria wamelihifadhi: ama mkuu wa wilaya aimalize kesi ya kodi, ama awape mimba wote, maana yeye ndiye anayewazuia waume zao. Sijui hoja nyingine ya uchumi iliyosemwa kwa ufupi zaidi katika ukoloni wote.

Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, zaidi ya tani 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaishusha bei. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Leo anayeondoka mara nyingi ni mama, anayekwenda Oman kufanya kazi za ndani na kumwachia bibi watoto. Baada ya miaka 50 atatokea mtu wa kuandika kwamba ndivyo tulivyo, kwamba kwetu watoto hulelewa na bibi. Kabla hajaandika, tunamwomba aulize mshahara wa Muscat ulikuwa kiasi gani, na wa Tanga kiasi gani.