Kujikwaa si Kuanguka: Vichekesho vya Kiingereza vya Zamani na Hadhira ya Mombasa Bara

Katika uhakiki wa sanaa za Pwani ya Kenya, ngoma, utenzi, taarab na tamthilia ndizo zilizopewa uzito. Sinema ya kuchekesha iliyotoka ng'ambo imeachwa kando, ama kwa sababu ni ya kigeni, ama kwa sababu kicheko hudhaniwa kuwa jambo jepesi lisilostahili kalamu ya mhakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kicheko hicho ni ushahidi wa kihistoria. Watazamaji waliodhaniwa na watawala kuwa hawana uwezo wa kuifasiri picha inayosonga waliipokea kwa kipimo chao wenyewe, nacho ni kipimo cha utani.

Kwanza, asili ya vichekesho hivyo. Charles Chaplin alizaliwa London mwaka 1889, naye Stan Laurel alizaliwa Ulverston mwaka 1890. Wote wawili walifunzwa kazi katika kundi la Fred Karno, lililozunguka katika kumbi za burudani za Uingereza likiigiza bila kutegemea maneno. Kwa hiyo, ingawa filamu zao zilipigwa Marekani kuanzia miaka ya 1910, misingi ya fani yao ni ya Kiingereza. Norman Wisdom aliiendeleza fani hiyo kuanzia filamu ya Trouble in Store ya mwaka 1953. Mhusika mkuu katika filamu hizi ni mtu mdogo. Koti limembana, viatu vimempwaya, bakora yamponyoka. Anateleza, anapiga mweleka, anajipangusa vumbi, kisha anaendelea na safari yake. Hakuna damu wala maiti, na mara nyingi anayeaibika mwishoni ni polisi, bwana mkubwa au tajiri.

Hadhira ya Mombasa Bara ilikuwa na njia mbili za kuzifikia sinema. Njia ya kwanza ilikuwa kuvuka kuingia kisiwani, kulikokuwa na majumba kama Regal, Majestic na Naaz. Mtu wa Likoni alitegemea kivuko. Wa Kisauni alitegemea daraja la Nyali, ambalo kuanzia mwaka 1931 lilikuwa la kuelea hadi lilipojengwa la sasa mwaka 1980. Wa Changamwe alipita Makupa. Safari hiyo haikuwa nyepesi kwa mchukuzi wa bandarini au mfanyakazi wa reli aliyetoka kazini jioni. Njia ya pili ilikuwa kungojea gari la sinema lije, kitambaa cheupe kitandazwe uwanjani na watu wakae chini. Katika maonyesho ya aina hii Afrika Mashariki, filamu za mafunzo ya afya na kilimo zilichanganywa na vichekesho ili watu wasiondoke.

Hapo ndipo penye ukinzani unaostahili kuchunguzwa. Mnamo mwaka 1929 Julian Huxley alizunguka Afrika Mashariki akiwaonyesha wanafunzi filamu ili kupima uelewa wao. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ulifuata mradi wa Latham na Notcutt, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ambao ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha hadi Kenya na Uganda. Kitengo cha Filamu za Makoloni kilipoundwa mwaka 1939, William Sellers aliyekiongoza alishikilia kwamba Mwafrika asiye na elimu ya shule hutaka filamu ya mwendo wa polepole, isiyo na hila za kamera, inayoeleza jambo moja tu kwa wakati mmoja. Lakini filamu za Chaplin ni za kasi, zimejaa mikato na matukio yanayopishana, nazo ndizo zilizoshangiliwa. Nadharia ya watawala ilikanushwa kila usiku na kicheko cha watazamaji walewale waliokuwa wakipimwa.

Je, kicheko hicho kilikuwa cha namna gani? Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, alidai kwamba mtu hucheka anapomwona binadamu akitenda kama mashine, na kwamba ili acheke sharti moyo wake unyamaze kwa muda. Dai hilo lafaa kwa kejeli. Halitoshi kuueleza utani kama unavyofahamika Pwani na bara. Mtani hucheka kwa sababu ana uhusiano na anayechekwa: mjukuu humtania babu, shemeji humtania shemeji, na ukoo huutania ukoo wenzake hata msibani. Utani una ruhusa na una mpaka. Unamshusha mtu bila kumvunjia utu wake, na anayetaniwa leo atatania kesho. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mtu mdogo wa Chaplin au Wisdom ni mtani wa hadhira nzima. Moyo haunyamazi anapoteleza, kwa maana mtazamaji anayajua matelezi hayo.

Changamwe inaidhihirisha hoja hii. Reli, na baadaye kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963, vilikusanya Wamijikenda, Wataita, Wakamba, Waluo na wengineo, kila mmoja na lugha yake. Vichekesho visivyotegemea maneno havikumwacha yeyote nje.

Athari zimebaki katika lugha na katika sanaa. Neno chale, likiwa na maana ya mchekeshaji (si chale za kuchanjwa mwilini), huhusishwa na jina Charlie. Mwaka 1952 Tanganyika ilitoa filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, kuhusu mtu wa shamba anayenaswa na hila za mji. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Barabara inayotoka Likoni kupitia Lunga Lunga hufika Tanga, alikozaliwa Amri Athumani, Mzee Majuto, mwaka 1948. Hadi alipofariki mwaka 2018, Majuto aliwachekesha watu kwa mwili na uso kabla hajatamka neno. Katika vibanda vya video, filamu nyingi za kigeni zilihitaji mfasiri wa kuzisimulia kwa Kiswahili, kazi iliyowapa umaarufu watu kama Lufufu na DJ Afro. Mr. Bean, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1990 na 1995, haikuhitaji mfasiri.

Hata hivyo, haifai kuipamba historia hii. Vichekesho vilitumiwa kama chambo cha mafunzo ya kikoloni, na mshamba aliyechekwa alikuwa mara nyingine ni mtazamaji mwenyewe. Lakini hadhira haikumezwa na chambo hicho. Ilikaa chini ikasikiliza mahubiri ya choo na mbolea, kisha ikamcheka polisi aliyeanguka, palepale mbele ya serikali iliyoleta gari. Mhakiki anayekiona kicheko hicho kuwa upuuzi anarudia, pasipo kukusudia, kosa la waliodhani kwamba watu hawa hawaelewi wanachokitazama. Waliokuwa watoto viwanjani Likoni na Kisauni sasa ni wazee. Inawapasa watafiti wa fasihi simulizi kuwaendea kama wanavyowaendea manju na malenga.