Oili Nzito ya Babati: Dawa Iliyozaliwa na Vumbi

Gari lililokwishatembea kilometa laki tatu likianza kula oili, mafundi wengi, wa Babati wakiwemo, wana jibu moja lililo tayari: mwaga hiyo nyepesi, weka namba 40 au 50. Jibu hilo halikuzuka hewani. Lina historia yake, na historia hiyo ni ya barabara na ya soko la spea kuliko ya injini yenyewe. Ninachodai hapa ni kwamba oili nzito ilikuwa dawa ya haki kwa magari ya vumbi na kwa miaka ya uhaba, lakini injini nyingi zinazotoa moshi wa bluu mjini humo leo zinaumwa kitu kingine, na kuzitibu kwa mazoea ya zamani ni kuzimaliza.

Babati ni mji uliozaliwa na njia. Barabara Kuu ya Kaskazini, ambayo Waingereza waliihesabu kuwa kipande cha safari ndefu ya kutoka Cape hadi Cairo, ilitoka Arusha ikapita Makuyuni na Magugu, ikafika kando ya Ziwa Babati chini ya Mlima Kwaraa, kisha ikapanda Bereku kuelekea Kondoa na Dodoma. Hapohapo likachepuka tawi la Dareda, Katesh na Singida. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya njia hizo ilikuwa ya udongo: masika tope, kiangazi vumbi. Na vumbi ndilo adui wa kwanza wa silinda. Chembe za mchanga zina ugumu unaoushinda ule wa chuma cha laina, yaani ukuta wa silinda, na zile ndogo zinazokaribiana na unene wa utando wa oili kati ya ringi na laina ndizo huumiza zaidi, kwa sababu hujipenyeza humo na kusaga pande zote mbili. Chuma huliwa hasa karibu na kilele cha laina, pale ringi ya juu inapogeuza mwendo. Ringi zikishalegea, moto wa juu huvuja kushuka kwenye karta, chombo cha oili chini ya injini, na oili ya chini hubaki ukutani mwa silinda na kuungua.

Magari ya wakati huo, Land Rover na malori ya Bedford, mengi yalikuwa na chujio la hewa lenye bakuli la oili: hewa ilipita juu ya oili hiyo na kuliacha vumbi humo. Ni chombo kizuri, ila kinadai kusafishwa. Bakuli likishajaa tope, halichuji tena. Kwa hiyo hata katika zama hizo ulaji wa oili ulianzia mlango wa hewa, si kwenye oili yenyewe, na dereva au taniboi aliyeosha bakuli kila jioni aliiokoa injini kuliko fundi yeyote. Jambo hili halisemwi vya kutosha tunapowasifu mafundi wa zamani, ambao kwa kweli wanastahili sifa.

Ndipo ukaja uhaba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa mkoa wa Arusha, ambao Babati ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, pigo hilo lilikuwa zito kuliko kwingi, maana Nairobi ilikuwa karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ikapanda mara ya pili katika muongo mmoja. Hadi bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, seti ya ringi ilikuwa kitu cha kutafutwa kwa miezi. Kuchonga bloku kulihitaji mashine za mjini, na bloku iliyochongwa bila pistoni za saizi mpya ni chuma kitupu. Katika hali hiyo, kuweka oili nzito hakukuwa ujinga wala uvivu. Utando mnene uliziba kwa kiasi nafasi iliyoachwa na ringi zilizochakaa, moshi ukapungua, na lori likasomba mahindi msimu mmoja zaidi.

Tena injini zenyewe zilivumilia. Nafasi zake za ndani zilikuwa pana, pampu yake ya oili haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kulainisha, na namba za unene zilizowekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, tangu 1911, zilitumika kwa oili za namba moja tu kwa miongo kadhaa kabla ya oili za namba mbili, kama 20W-50, kuenea. Kilichojulikana kidogo ni kwamba unene ni nusu tu ya sifa ya oili. Nusu ya pili ni usafi. Katika miaka ya 1930 Caterpillar waliona ringi za injini zao za dizeli zikiganda kwa masizi ndani ya mifereji ya pistoni, na wakishirikiana na Standard Oil ya California wakapata oili yenye kemikali za kusafisha. Fundisho la Caterpillar ni hili: ringi inaweza kuwa nzima kabisa na bado injini ikala oili, kwa kuwa imeganda na haigusi tena ukuta wa silinda. Kuongeza unene hakuigandui.

Hapo ndipo historia ya karibuni ya Babati inapoingia. Lami ilifika kutoka Minjingu na Singida, na Aprili 2018 ikazinduliwa ile ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251. Vumbi likapungua kwenye njia kuu. Wakati huohuo magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yameshajaza mji, yenye injini ndogo za petroli, nafasi finyu za ndani, na mitambo ya kubadili muda wa valvu inayoendeshwa kwa shinikizo la oili hiyohiyo. Mfano ulio wazi ni 1ZZ-FE ya Toyota. Zile za mwanzo zilitoka kiwandani na matundu madogo mno ya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini. Yakiziba kwa masizi, oili hubaki ukutani na kuungua, hata kama gari halijawahi kuona vumbi. Toyota wenyewe walibadilisha pistoni hizo baadaye. Injini ya namna hii ikipewa oili nzito ya daraja la chini, yenye kemikali chache za kusafisha, inaongezewa ugonjwa uleule inaougua.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba oili nzito hufanya kazi, na moshi hupungua mbele ya macho. Ni kweli, kwa muda. Lakini Babati iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi; oili nzito huchelewa kufika juu kwenye valvu, na sekunde hizo za kuwasha ndizo zenye msuguano mbaya. Wengine husema, kwa haki zaidi, kwamba maskini hana uwezo wa kufungua injini, na lita ya kuongezea ni nafuu. Hoja hii naiheshimu. Watengenezaji wengi hukubali hadi lita moja kwa kilometa 1,000, kwa hiyo gari linalokula nusu ya hapo halidai ringi mpya, linadai kijiti cha kupimia kisomwe kila wiki. Kosa ni kugeuza kuongezea kuwa mbadala wa kumwaga. Oili iliyochoka haifanywi mpya na lita moja ya juu yake, na kumwaga mapema, kwa oili safi ya unene uliotajwa na kiwanda au unaozidi kidogo, huweza kupunguza ulaji taratibu kadiri ringi zinavyofunguka.

Kabla ya hayo yote, ijulikane oili inapita wapi, na miteremko ya Babati inasaidia kujua. Gari la petroli likishuka Bereku kwa gia huku dereva ameachia mafuta, mvuto mkali hujengeka ndani ya injini. Likitoa wingu la bluu anapokanyaga tena chini ya mteremko, shaka ya kwanza ni sili za valvu, ambazo katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha bloku. Likitoa moshi mfululizo likipanda na mzigo, shaka iende kwenye ringi, na ipimwe kwa kompresheni, kwanza kavu, kisha kwa kijiko cha oili ndani ya silinda: namba ikipanda sana, ringi ndizo zinazovuja. Valvu ndogo ya kupumulia karta nayo itazamwe, kwani ikiziba husukuma oili kusikotakiwa, na bei yake ni ndogo kuliko galoni moja ya oili.

Mbinu ya zamani bado ina mahali pake. Pikapu inayopeleka bidhaa vijijini Kiteto au Simanjiro kwa njia za udongo hufa kama lilivyokufa lori la 1975, kwa mchanga uliopita kwenye chujio. Hiyo ikishachakaa laina, na mwenyewe anahitaji msimu mmoja tu kabla ya kuifungua, namba 40 ni uamuzi wa busara. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi kwa mwenye gari liwe ni wapi linafanya kazi na lini chujio lilifunguliwa, kabla hajauliza limetembea kilometa ngapi.