Jinsi ya kurekebisha tarehe zinazopotoka katika kurasa za Java

TETEMEKO la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, likaua watu zaidi ya 10 na kubomoa nyumba katika Manispaa ya Bukoba na wilaya jirani, ikiwamo Muleba. Hata hivyo, ukurasa wa intaneti unaweza kulionyesha tukio hilo kuwa la Oktoba 9, au la saa 6:27 mchana, ingawa kumbukumbu yenyewe ni sahihi.

Chanzo cha hitilafu hiyo mara nyingi ni tagi za JSTL, maktaba iliyotolewa mwaka 2002 kwa ajili ya kurasa za Java. Tagi za kundi la "x" husoma mafaili ya XML, na za kundi la "fmt" hupanga tarehe.

Iwapo tagi zinaonekana kama zilivyoandikwa pale mtu anapofungua chanzo cha ukurasa, maktaba haijatambuliwa. Seva ya Tomcat haiji na JSTL. Sharti faili lake liwekwe katika folda ya WEB-INF/lib, na anwani iliyo juu ya ukurasa ilingane na toleo lake. Kuanzia Tomcat 10, maktaba za zamani za "javax" hazifanyi kazi. Huhitajika zile za "jakarta".

Iwapo XML inasomwa lakini ukurasa hautoi kitu, chunguza nafasi-majina. Taarifa za matetemeko hutolewa pia kwa muundo wa QuakeML, ambao vipengele vyake vimo ndani ya nafasi-majina. Njia ya kawaida ya kuvitafuta hurudi mikono mitupu. Dawa yake ni kutumia "local-name()". Aidha, mstari mtupu kabla ya tamko la XML hutosha kulifanya faili zima likataliwe.

Kinachotoka katika XML ni maandishi, si tarehe. Kwa hiyo "fmt:parseDate" hutangulia, kisha "fmt:formatDate" hufuata. Tetemeko la Kagera huandikwa 2016-09-10T12:27, na mwishoni huwekwa herufi Z, yaani saa za dunia (UTC). Mwandishi wa programu akiifunga Z hiyo kwa alama za nukuu bila kutaja timeZone="UTC", seva iliyopangwa kwa saa za Tanzania huichukua 12:27 kuwa ya hapa nchini, na saa 3 hupotea. Wakati wa kuonyesha, itajwe "Africa/Dar_es_Salaam" ili itoke 15:27.

Herufi za mpangilio nazo zina mitego. MM ni mwezi, mm ni dakika: "dd/mm/yyyy" itatoa 10/27/2016. DD ni siku ya mwaka, hivyo Septemba 10 itakuwa 254. HH hutoa 15, hh hutoa 03. YYYY ni mwaka wa kuhesabu majuma, na huweza kuuruka mwaka siku za mwisho wa Desemba.

Mpangilio usipotajwa na dateStyle ikiwa "short", tagi hufuata lugha ya kisakuzi cha msomaji: wa Marekani huona mwezi kwanza, 9/10, wa Uingereza siku kwanza, 10/09. Tarehe kama Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, hujitetea yenyewe kwa kuwa hakuna mwezi wa 21. Septemba 10 haina kinga hiyo. Kwa tarehe ya chanjo ya mtoto au ya malipo, kosa la namna hiyo laweza kupita bila kuonekana. Kinga ni kutaja mpangilio wazi na kuandika mwezi kwa jina. "Fmt:setLocale" yenye thamani "sw_TZ" hutoa Septemba katika Java 9 ya mwaka 2017 na zilizofuata.

Java haina herufi ya saa za Kiswahili. Wapo wanaorudisha ukanda wa saa nyuma kwa saa 6 ili 15:27 isomeke 9:27. Njia hiyo haifai: saa 8 usiku wa kuamkia Septemba 10 itaandikwa Septemba 9. Inayostahili kubadilishwa ni namba ya saa pekee, tarehe ikiachwa ilivyo.