Mafuta ya Uta na Sifa ya Jahazi: Msamiati wa Kukinga Mti kama Chanzo cha Historia



Naomba nianze na uta wa marehemu babu yangu. Ulitundikwa ukutani, nasi watoto tulikatazwa kuugusa. Kila masika yalipokaribia, babu aliuteremsha, akaufuta vumbi, akaupaka mafuta aliyoyachemsha mwenyewe pamoja na nta ya nyuki, kisha akausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Alipofariki, hakuna aliyeirithi kazi hiyo. Miaka michache baadaye niliushusha nikauvuta. Ukakatika mkononi mwangu. Nilipowauliza wazee mchanganyiko ule ulitengenezwaje na uliitwaje, walinijibu: "Ni mafuta ya uta tu."

Wakati ule nililiona jibu hilo kuwa la watu wasiojua. Baada ya kusoma isimu historia nilitambua kwamba maneno yake mawili makuu ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa tuliyo nayo. Neno uta (wingi wake mata) linatokana na mzizi wa Mame-Bantu *-tá, nalo limehifadhiwa katika Kikuyu, Kikamba, Kichewa na Kishona. Neno mafuta nalo linatokana na *-kúta, ambapo /k/ mbele ya irabu ya juu kabisa iligeuka /f/, kama ilivyotokea katika kufa na -fupi. Kitenzi paka ni cha ukoo huohuo. Upinde, kwa upande mwingine, umeundwa kutokana na pinda: jina la kazi ya kifaa, si la kifaa chenyewe.

Kazi hiyo ya kupinda ndiyo inayoeleza haja ya mafuta. Mti uliochongwa hauachi kunywa unyevu na kuutoa. Ukinywa sana, uta hulegea na kupoteza nguvu. Ukikauka kupita kiasi, nyuzi zake hupasuka zinapovutwa. Mafuta na nta havizuii badiliko hilo kabisa, bali hulipunguza kasi. Roger Ascham, katika kitabu chake Toxophilus kilichochapishwa Uingereza mwaka 1545, aliwashauri wapiga mishale wausugue uta kila siku kwa kitambaa chenye nta, mpaka ujengeke utando mgumu usiopenywa na maji. Babu yangu hakumsoma Ascham. Mti ndio uliowafunza wote wawili.

Tukiteremka pwani, tunakuta taaluma hiyohiyo ikihudumia chombo kikubwa zaidi. Fundi wa jahazi hukinga mbao zake kwa namna mbili. Sehemu iliyo juu ya maji hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, ambayo hupatikana kwa kuyaacha maini yaoze juani au kwa kuyapika mpaka mafuta yajitenge. Harufu yake haisahauliki. Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Chokaa ikikutana na shahamu huzaa namna ya sabuni isiyoyeyuka majini, nayo huwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao. Kabla ya hapo, nyufa huwa zimekwisha kukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta.

Ushahidi wa maandishi ni wa kale. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, unataja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu na kulihusisha jina la Rhapta na vyombo hivyo. Katika karne ya 10, Abu Zayd wa Siraf alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyotumiwa kuziba maungio ya vyombo. Naye Ibn Jubayr, aliyepita Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, anasema vyombo vya kushonwa vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Sababu anayoitoa inastahili kuzingatiwa: mafuta yaliulainisha mti, ukaweza kuhimili miamba. Hiyo ndiyo hoja ya uta: mti unaopindika hauvunjiki upesi.

Hapa ndipo penye mgogoro. Deheni, shahamu na kalafati ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Hali kadhalika sifa, ambayo haina uhusiano na sifa ya kumsifu mtu. Wako waliohitimisha, kwa kutazama orodha za namna hii, kwamba ufundi wenyewe uliletwa na wageni. Nashauri tahadhari. Tukitazama kazi badala ya bidhaa, tunakuta mafuta, ini na paka, maneno ya Kibantu. Siyatoi haya kama ithibati ya kinyume chake, kwa kuwa maneno ya jumla hudumu hata ufundi ukibadilika. Nasema tu kwamba neno lililokopwa ni ushahidi wa makutano, wala si hati ya umiliki. Bidhaa inayouzwa bandarini hupata jina la bandarini. Mafuta ya uta, yasiyouzwa popote, yalibaki na jina la nyumbani.

Jina la nyumbani lina hatari yake. Mtepe, chombo chetu cha kushonwa, uliacha kuundwa katika karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mmoja wa mfano kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Kamusi zetu zimehifadhi neno sifa kwa maelezo ya mstari mmoja au miwili. Zinatuambia ni mafuta ya nini. Hazituambii maini hukaa juani siku ngapi, wala fundi hujuaje kwamba yameiva.

Rai yangu, basi, ni kwamba anayekusanya msamiati wa ufundi asiridhike na jina. Amwombe fundi atengeneze mbele yake, aandike vipimo, moto, muda na harufu. Wazee wa kijijini kwetu walinipa jina sahihi, la kale kuliko nilivyodhani. Jina hilo ninalo hadi leo, uta sinao.